Anayetaja jina la aliyepigwa dongo aonyeshe njia

Staa mmoja wa kike wa Bongo Fleva aliweka picha Instagram usiku wa Jumapili. Kakaa kwenye ngazi, gauni jeusi, hana hata tabasamu. Chini yake kapsheni ya mistari mitatu: "Ulikuwa mwavuli wangu wakati wa jua. Mvua ilipoanza, ukafungwa. Namba saba, ahsante kwa kunilea."

Haikuisha hata saa moja, jibu likawa limeshapatikana. Mashabiki walikumbuka kwamba siku nne kabla, mpambaji wake wa siku nyingi, binti aliyekuwa akimremba tangu video ya kwanza kabisa, alijipiga picha kashika mwavuli mwekundu nje ya saluni yake. Mwavuli si ndo huo! Skrini shoti zikaanza kutembea, picha mbili zimewekwa ubavu kwa ubavu, mwavuli umezungushiwa duara. Kesi imeisha, hukumu imetoka, mpambaji ni mnafiki.

Wiki tatu dada wa watu alioga matusi. Kila alichoposti, hata tangazo la poda, chini yake palijaa miavuli. Harusi tatu za Desemba ambazo alishapokea advansi zilimkimbia. Mama wa bibi harusi mmoja alimpigia kwa upole kabisa: "Mwanangu, mimi binafsi sina neno na wewe. Ila wanakamati wanasema hawataki maneno siku ya shughuli. Utusamehe, na ile advansi uturudishie taratibu tu." Akarudisha. Afanyeje?

Kisha EP ya staa ikatoka. Wimbo namba saba unaitwa "Mwavuli". Unamhusu baba aliyekuwa kila kitu kwa binti yake mpaka siku alipohukumiwa na kupelekwa gerezani, binti akiwa bado mdogo. Mwavuli ni baba. Ukafungwa ni kifungo. Namba saba ni namba ya wimbo. Ahsante kwa kunilea ni ahsante kwa kunilea.

Hamna aliyerudi kumwomba radhi mpambaji. Waliochora maduara walifuta kimyakimya, wakahamia kwenye kapsheni ya staa mwingine.

Sasa hapa ndipo penye hoja. Watu wengi mjini wanajiita wataalamu wa kufumbua mafumbo ya mastaa, lakini wanachofanya siyo kufumbua, ni kutaja jina. Na kutaja jina na kufumbua fumbo ni vitu viwili tofauti kama kupiga ramli na kupiga hesabu.

Kwa anayetaka kuona tofauti hiyo vizuri, kuna mchezo mmoja wa Waingereza unaofundisha. Ni fumbo la maneno, ile miraba ya kwenye magazeti, myeusi na myeupe, unajaza herufi kwenda kulia na kwenda chini. La kawaida wengi wanalijua: dokezo linasema "mji mkuu wa Kenya", unaandika NAIROBI, unaendelea. Fumbo la namna hiyo alilianzisha Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, kwenye gazeti la New York World mwezi Desemba 1913. Waingereza walipolipokea wakaliongezea sumu. Kuanzia 1926, mtunzi mmoja wa gazeti la The Observer, Edward Powys Mathers, alianza kutunga mafumbo ambayo madokezo yake yanadanganya makusudi. Akajiita Torquemada, jina la yule mkuu wa mahakama ya kutesa watu wa dini Hispania. Yaani jina lenyewe tayari lilikuwa linawaambia wachezaji kitakachowakuta.

Dokezo la kificho linafanyaje kazi? Kiswahili kinaweza kuonyesha. Chukua hili: "Mkamata panya kajificha hapa karibu (4)." Namba kwenye mabano ni idadi ya herufi za jibu. Anayesoma haraka anaanza kutafuta mtu uvunguni. Lakini dokezo lina vipande viwili tu. "Mkamata panya" ndiyo maana ya jibu. "Kajificha hapa karibu" ndiyo njia: neno limejificha ndani ya maneno "hapa karibu". Futa nafasi katikati, usome haPAKAribu. Jibu ni PAKA. Paka anakamata panya, na paka kweli kajificha hapo. Pande zote mbili zimekutana, na hakuna neno hata moja lililobaki bila kazi.

Lingine: "Tanzania bila visiwa mara mbili, njia ya magari (8)." Tanzania bila visiwa ni BARA. Iandike mara mbili, BARABARA. Njia ya magari ni barabara. Imekaa.

Au fupi kabisa: "Keti, mnyama wa ufukweni (3)." Kuketi ni KAA, na kaa ndiye yule anayetembea upandeupande mchangani. Maana mbili, jibu moja.

La mwisho ni la kugombanisha watani: "Simba wavurugwa, kilio (5)." Hapo shabiki wa Msimbazi ameshakunja sura na wa Jangwani ameshacheka. Lakini dokezo halina mpira ndani yake. "Wavurugwa" inaamuru herufi za neno Simba zivurugwe, S-I-M-B-A zikae M-S-I-B-A. Kilio ni MSIBA. Mtunzi kamtuma msomaji uwanja wa Mkapa ilhali jibu liko nyumbani kwa marehemu.

Na hapo kwenye dokezo la Simba kuna funzo dogo lenye uzito. Mtunzi angeweza kunogesha kwa kuandika "Simba wavurugwa, mtaani kilio". Inasikika tamu zaidi. Lakini neno "mtaani" lingekuwa linafanya nini? Halimo kwenye maana wala kwenye njia, limekuja kukaa tu. Baada ya Torquemada kufariki 1939, mrithi wake kwenye gazeti lilelile, D. S. Macnutt, aliyejiita Ximenes, alikaza kamba hapo hapo. Kwake dokezo la haki lina maana iliyo sawasawa, lina njia ya haki, na zaidi ya hapo halina kitu. Mpaka leo watunzi na wachezaji wanabishana kuhusu ukali wa sheria zake, ila wazo la msingi halijafa: kila neno lazima lionyeshe kazi yake.

Ndiyo maana mchezaji mzuri wa mchezo huo akikwambia jibu ni PAKA, hakuishia hapo. Atakueleza "mkamata panya" imetoka wapi na herufi zimetoka wapi. Asipoweza kueleza, anasema wazi kwamba amebahatisha, na anaandika kwa penseli. Ni kama daftari la hesabu la Form Two. Mwalimu anaona jibu ni 12, sahihi kabisa, lakini pembeni anaandika kwa wino mwekundu: njia iko wapi?

Sasa irudishwe kapsheni ya mwavuli, ipigwe kwa kipimo hicho.

Neno "mwavuli": mpambaji alishika mwavuli. Sawa, tiki.

"Wakati wa jua": hamna aliyeeleza. Wengine walisema ni wakati wa raha, basi iende.

"Ukafungwa": hapa ndipo walipoanguka. Karibu wote waliisoma kama "ukafunga", eti mpambaji alifunga mlango, alifunga moyo, alifunga simu. Lakini staa hakuandika hivyo. Ukafunga ni wewe umefunga. Ukafungwa ni wewe umefungwa, kuna aliyekufunga. Irabu zilezile, W moja tu imeongezeka, na ndani ya hiyo W kulikuwa na baba mzima yuko gerezani. Kiswahili kimebeba jibu, wasomaji wa Kiswahili wakaliruka.

"Namba saba": mmoja alisema mpambaji kazaliwa mwezi wa saba. Mwingine akasema saluni yake iko mtaa wa saba kutoka kituoni. Mwingine eti ni rafiki wa saba kumsaliti. Majibu matatu kwa neno moja maana yake hakuna jibu.

"Ahsante kwa kunilea": mpambaji ni mdogo kwa staa kwa miaka miwili. Amemlea vipi? Walipoulizwa, jibu likawa moja tu: "Hapo ni kejeli."

Kejeli! Hilo ndilo panga la wafumbuaji wa mjini. Neno likikataa kuingia kwenye jibu lao, wanalikata miguu na kuliita kejeli. Kwa mtindo huo fumbo lolote litamwangukia mtu yeyote. Andika "nampenda mama yangu", mtu akitaka kuthibitisha kwamba unamsema jirani, atasema hapo kwenye mama ni kejeli.

Kwa hiyo katika vipande vitano, jibu la mpambaji lilishika kimoja, likabahatisha kimoja, likashindwa vitatu. Jibu la baba linashika vyote vitano bila kusukumwa. Hiyo ndiyo raha ya fumbo lililofumbuliwa kweli. Likikaa, linakaa lenyewe. Halihitaji duara jekundu.

Atatokea wa kusema: lakini mwavuli ulifanana, tena siku nne tu kabla, hiyo si bahati nasibu. Huyo asomewe kisa cha Leonard Dawe. Huyu alikuwa mwalimu mkuu Uingereza na pia mtunzi wa mafumbo ya maneno ya gazeti la Daily Telegraph. Mwezi Mei 1944, majeshi yalipokuwa yanajiandaa kwa siri kubwa kuvuka bahari kuingia Ufaransa, majibu ya mafumbo yake yakaanza kutoa maneno ya ajabu. Utah. Omaha. Overlord. Mulberry. Ikafika Juni mosi, Neptune. Yote yalikuwa majina ya siri ya operesheni ile. Utah na Omaha zilikuwa fukwe za kushukia, Mulberry bandari za kuundwa, Neptune upande wa majini, na Overlord mpango mzima. Uvamizi wenyewe ulikuwa Juni 6.

Maneno matano, mwezi mmoja. Mwavuli mmoja unaingia wapi hapo? Watu wa usalama walimfuata Dawe, wakamhoji, na mwisho wakaona si jasusi. Miaka 40 baadaye, mwaka 1984, mmoja wa waliokuwa wanafunzi wake alijitokeza na maelezo yake. Mwalimu alikuwa na tabia ya kuwapa vijana wamjazie maneno kwenye miraba, kisha yeye anatunga madokezo. Na shule ilikuwa imehamishiwa karibu na kambi za wanajeshi, vijana wakawa wanadaka maneno huko bila kujua uzito wake. Kwa maelezo hayo, maneno yalikuwa ya kweli, siri ilikuwa ya kweli, ila yule aliyeonekana msaliti hakuwa msaliti. Kufanana kunatosha kuuliza swali. Kufunga kesi hakutoshi.

Na hao wa usalama walikuwa vitani, maelfu ya watu wako hatarini, na bado waliuliza kwanza. Mashabiki wa staa walikuwa kitandani na bando la usiku.

Lakini lawama isiishie kwa mashabiki, maana hata staa ana hesabu yake. Kapsheni yake, kwa haki, ilikuwa fumbo zuri. Kila neno lilikuwa na kazi. Kosa lake lilikuja baadaye. Kwenye magazeti ya Uingereza, fumbo la kila siku jibu lake linatoka kesho yake, na hata yale ya zawadi majibu yanatoka baada ya siku zake. Mtunzi anakuficha, lakini anakudai muda tu, hakudai roho ya mtu. Staa alikaa kimya wiki tatu akiona rafiki yake anachanwa, huku posti inapanda na watu wanasubiri EP. Wapo wanaosema ilikuwa kiki tangu mwanzo. Hilo halina ushahidi, na makala inayodai njia haiwezi kulisema. Ila kimya chenyewe kilionekana na kila mtu.

Mashabiki wake wanamtetea kwamba habari ya baba gerezani ni nzito, alikuwa na haki ya kuitunza mpaka wimbo utoke. Ni kweli, alikuwa nayo. Lakini kumwokoa mpambaji hakukuhitaji kumtoa baba. Kulihitaji maneno matatu tu: "Si yeye, jamani." Fumbo lingebaki fumbo, na dada wa watu angebaki na harusi zake.

Kuna mtunzi aliyeonyesha namna ya kubeba jambo zito ndani ya fumbo bila kumwumiza mtu. John Graham, mchungaji wa Kianglikana, alitunga kwenye The Guardian kwa miongo mingi kwa jina la Araucaria. Januari 2013, akiwa na miaka 91, wapenzi wake walifungua gazeti wakakuta maelezo mafupi juu ya fumbo: Araucaria ana kitu fulani, kinatibiwa kwa kitu fulani, nendeni kwenye namba fulani mjue. Wakaanza kujaza miraba kama siku zote, mmoja mmoja. Majibu yakatoka saratani, yakatoka umio, ikatoka tiba ya kupunguza maumivu. Mzee alikuwa anawaaga kwa lugha waliyozoea kuzungumza naye. Alifariki Novemba mwaka huohuo. Aliyefichwa ndani ya fumbo lile alikuwa yeye mwenyewe, na kila aliyefumbua alimjua bila kubahatisha.

Wengine watasema haya mambo ya Waingereza yasiletwe kwenye mafumbo ya Waswahili, maana Mswahili alikuwa anafumba kabla gazeti halijafika pwani. Hoja ina nguvu. Kanga peke yake ni shule. Mwanamke anajifunga kanga yenye maneno, anapita mbele ya jirani mara tatu, na akiulizwa anasema "Mimi nimependa rangi tu, shoga." Fumbo la kanga limetengenezwa lisiwe na ukurasa wa majibu. Hapo linatofautiana kabisa na lile la gazeti.

Lakini tofauti hiyo inaongeza mzigo, haipunguzi. Kama hakuna jibu litakalochapishwa kesho, basi anayetangaza kwamba amelijua anapaswa kuwa mwangalifu mara mbili. Na wazee wa mipasho nao walikuwa na utaratibu. Miaka ya 90, TOT na Muungano walipokuwa wanatoana jasho Dar es Salaam, aliyerushiwa alikuwa na bendi na kipaza sauti chake, na zamu ya kujibu ilikuwa inafika. Hata ukumbini, shoga akiinuka kwenda kutuza huku anamchezea mtu fulani, aliyechezewa yuko hapo hapo, naye ana noti yake na ana kiuno chake. Yalikuwa mapambano ya watu wawili wanaojuana. Mpambaji hakuwa na bendi. Alikuwa na brashi, poda na wafuasi elfu kadhaa, anakabiliana na timu nzima ya staa.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hawakusema mwerevu huliropoka. Kugangua ni kazi ya mganga, na mganga anayempa kila mgonjwa dawa ileile kabla hajamsikiliza, kijiji kinamjua jina lake.

Basi kanuni si ngumu. Anayetaka kutaja jina chini ya kapsheni ya staa aandike kwanza kila neno la kapsheni, na mbele ya kila neno aweke kazi yake. Neno likikosa kazi, aseme halijui. Yakikosa kazi mawili, afute jina. Na lile neno kejeli likae kabatini mpaka yote mengine yatakapokuwa yamekaa.

Mpambaji bado yuko mjini, saluni iko wazi, mwavuli mwekundu umening'inia palepale mlangoni. Wateja wameanza kurudi kidogokidogo. Mmoja wao, wakati anapakwa poda, alimwambia: "Dada, ila ile siku na wewe ulitukosea kushika mwavuli." Mpambaji akamfumbisha macho, akaendelea kupaka. Siku hiyo ilikuwa inanyesha.